Karoti za Tope za Mama Barafu

Wifi yangu ni mtu mzuri sana akiwa amelala. Akiamka ana mdomo. Na mimi ninao, kwa hiyo nyumba ya mume wangu haijawahi kukosa sauti.

Yeye ni dada wa mume wangu, na kwa miaka ishirini na sita amekuwa mpishi wa kantini ya kiwanda cha magodoro, kile chenye geti la kijani, ambacho watu wake wakitoka jioni wana vumbi la sponji kwenye nyusi utadhani wamezeeka tangu asubuhi. Watu mia na ishirini anawalisha kila mchana, yeye na wasaidizi wawili. Hilo simnyimi. Kupikia watu mia na ishirini si sawa na kumpikia mume mmoja anayesifu hata maji ya moto.

Kule kiwandani wanamwita Mama Barafu. Jina lilitokana na friza. Walipoleta ya kwanza alikuwa anaiogopa. Akiifungua anasimama pembeni kama mtu anayefungua kibanda cha mbwa. Mwaka haujaisha, keshaipenda kuliko ndugu zake. Ikaja ya pili. Funguo zake anazivaa shingoni, na anazifuta friza zenyewe kwa kitambaa chake mwenyewe kutoka nyumbani, siyo kile cha jikoni. Humo ndani utakuta njegere, karoti zilizokatwa vipande vidogo vidogo kama vidonge, mahindi ya njano, na samaki ambaye hata maji yake yameshamsahau.

"Chakula cha kweli hakina msimu," ndivyo alivyokuwa anasema. "Msimu ni wa maskini."

Akisema hivyo ananitazama mimi. Mimi ninauza mboga njia panda na nina bustani nyuma ya nyumba. Msimu ndiye bosi wangu.

Jikoni kwake ukutani kulikuwa na ratiba aliyoibandika mwenyewe. Jumatatu njegere. Jumanne karoti. Jumatano samaki. Gundi ilishakuwa ya njano lakini ratiba haikubadilika, mvua inyeshe, jua liwake. Mtu akipotelewa na siku kule kiwandani hakuwa na haja ya kalenda, alikuwa ananusa tu.

Sasa kabla sijaenda mbali, kuna neno moja lijulikane. Siku nilipoletwa kwao bibi harusi, mimi nina miaka kumi na tisa, nimepewa mboga nichambue mbele ya wageni, huyu wifi alisimama kati ya watu akasema, sauti ikafika mpaka barabarani: "Kaka kaoa, tushukuru. Ila huyu hajui hata kuchambua mboga!" Watu wakacheka. Hiyo ni miaka thelathini na minne. Huwa naambiwa, sahau, mama, yameisha. Nasahau mengi. Wiki jana nilisahau chungu jikoni. Hilo sijalisahau.

Haya. Mwaka huu kiwanda kikapata meneja mpya, binti mdogo mwenye miwani mizito. Siku ya tatu tu akaingia jikoni, akachukua mfuko wa njegere, akaugeuza nyuma akawa anasoma. Wifi alinisimulia mwenyewe jioni ile, kajishika kiuno.

"Mama, hizi njegere zimetoka wapi?"

"Kwenye friza."

"Kabla ya friza?"

"Dukani."

"Na kabla ya duka?"

Wifi yangu hakuwa amewahi kufikiria kwamba kuna kabla ya duka.

Yule binti akamsomea. Njegere zimelimwa ng'ambo, zikapanda ndege, zikashuka zikapanda lori la barafu, zikaja kulala kwenye friza inayonguruma usiku na mchana. Moshi wa ndege, moshi wa lori, umeme wote huo. "Na hapa nyuma ya ukuta wetu, mama, bondeni, wanawake wanatupa maboga kwa kukosa mnunuzi."

"Wifi," akaniambia, macho yamemtoka, "njegere zimepanda ndege!"

"Zimekuzidi," nikamwambia. "Wewe hata mto hujavuka."

Hakucheka. Ndipo akaleta lililobaki. Wenye kiwanda walikuwa wanataka kulifunga jiko, wawe wanaletewa chakula kimeshapikwa mji mwingine, kimefungwa kwenye vibakuli vya plastiki, kinakuja na lori kila siku. Meneja kawaomba mwezi mmoja. Mwezi huo jiko lipike vitu vinavyolimwa karibu, na vilivyo kwenye msimu wake. Mwisho wa mwezi wenye kiwanda watakuja wenyewe waone. Watu wakiwa wanakula, jiko linabaki. Sahani zikiwa zinarudi zimejaa, jiko linafungwa, na wifi yangu, aliyebakiza miaka miwili astaafu, anapewa ufagio akafagie sponji.

Alisema hayo kama mtu anayesimulia habari za jirani. Lakini mkono ulikuwa umeshika zile funguo shingoni na haukuziachia.

"Sasa utafanyaje?"

"Nitanunua karoti za hapa. Ratiba haibadiliki."

"Karoti za hapa? Mwezi huu?"

"Karoti ni karoti, wifi."

Asiyeuliza hana ajifunzalo, na mimi sigawi bure nisichoombwa.

Basi akaenda kwa Bwana Kreti. Huyu ni mtu wa pikapu, anasambaza mboga kwenye mahoteli na mashule, ana kalamu sikioni ambayo sijawahi kumwona akiandikia. Wifi akamwambia, kuanzia leo nataka za hapa hapa. Bwana Kreti akajibu, "Mama, za hapa kabisa, utaletewa na udongo wake." Na kweli, kesho yake zikaja karoti zimejaa tope mpaka shingoni.

Wiki nzima wifi akawa anatembea kama mtu aliyezaa mapacha. Akaniita nikaone. "Njoo, wewe mtu wa misimu, uje uone msimu ulivyo."

Nikaenda. Ile kantini ni chumba kirefu, sakafu ya zege iliyopasukapasuka, madirisha ya nondo, mvuke mpaka huoni unayemsalimia. Watu wako foleni na trei zao. Meneja kasimama pembeni anatabasamu, kashazipiga picha zile karoti na kuwatumia wenye kiwanda. Na beseni la karoti liko mbele kabisa, mahali pa heshima.

Nikachukua moja, nikaifikicha kwa dole gumba.

Udongo wa huku kwetu ni mwekundu. Nimepigana nao mlangoni kwangu miaka thelathini na minne, naujua. Ukiingia kwenye soksi za mtoto, soksi zinazeeka nao. Lile tope lilikuwa jeusi, linanata, na lina harufu ya mtaro. Halafu tena, karoti zilizopandwa huku mvua zilipoanza, mwezi ule zilikuwa bado nyembamba, ungeweza kushonea kifungo. Hizi zilikuwa nene kama mkono wa askari.

Nikamvuta wifi kando. Nilisema kwa sauti ndogo. Ndogo kwa kipimo changu.

"Wifi, hili tope la wapi?"

"La shambani."

"Shamba la nani lina udongo mweusi huku kwetu?"

"Wivu utakuua, wewe mwanamke."

"Sawa."

Kesho yake asubuhi sikwenda njia panda moja kwa moja. Nilipitia nyuma ya soko, pale Bwana Kreti anapoegesha pikapu yake. Nikamkuta kakunja mikono ya shati, kachuchumaa mbele ya beseni la tope la mtaroni, anachovya karoti fungu kwa fungu. Anachovya, anainua, anatingisha, anazilaza kwenye gunia zikauke. Pembeni yake katoni zimerundikwa, zina maandishi ya nchi za watu.

"Bwana Kreti, mwanangu," nikamwambia, "unazibatiza? Zimeokoka?"

Aliruka, nusura aketi kwenye beseni.

"Bibi! Aa, bibi, shikamoo."

"Marahaba. Ndiyo za hapa hapa hizi?"

"Bibi, usinionee. Wateja siku hizi wanataka tope. Nikileta safi, wananiuliza zimetoka wapi. Nikileta na tope hakuna anayeuliza kitu."

Nikainama nikachukua karoti moja aliyokuwa kaichovya nusu, juu inang'aa kama kijiko, chini nyeusi, nikaenda nayo mpaka kiwandani nimeishika hivi kama mshumaa. Nikaiweka kwenye meza mbele ya wifi.

Akaitazama. Akaigeuza. Akaitazama tena. Halafu akavuta kreti tupu akaketi, na miaka yote nimemjua sijawahi kumwona ameketi ndani ya jiko lile.

"Nilimwambia meneja ni za hapa," akasema. "Kashawaandikia. Kapeleka na picha."

"Basi kamwambie."

"Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo. Huo uliotumia harusini kwangu unatosha."

Akanitazama vibaya, lakini akaondoka, na aproni yake, na karoti yake, mpaka ofisini. Meneja hakumgombeza. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Mama, zimebaki siku kumi na tisa."

Jumamosi wifi akaja kwangu. Tuelewane: huwa anakuja kwa kaka yake, siyo kwangu. Siku hiyo kaka yake alipotuona tumetazamana uso kwa uso, alichukua nyundo akaenda kutengeneza banda la kuku ambalo halikuwa limeharibika.

"Wifi," akasema.

"Wifi," nikasema.

"Mwezi huu kuna nini?"

Jamani! Nilikuwa nimelisubiri swali hilo mpaka nikakata tamaa.

"Kaa," nikamwambia. "Kuna maboga, mpaka watu wanazibia nayo mabanda. Kuna majani ya maboga, majani ya kunde. Viazi vitamu vinaanza. Mahindi mabichi yapo wiki mbili, yakikauka usinilaumu. Mapapai."

"Nyanya?"

"Mvua imezipiga. Mpaka miezi miwili."

"Sasa mtu anapikaje bila nyanya?"

"Kama alivyokuwa anapika mama yako."

Ile nyundo bandani ikanyamaza. Kaka mtu alikuwa anasikiliza. Ndipo wifi akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Utotoni mwao walikula boga, asubuhi boga, jioni boga, na kama lipo, kiporo cha boga. Shuleni wenzake walikuwa wanamwita Kichwa cha Boga, wanagonga mabenchi akiingia. Akajiapia kwamba siku akishika mshahara wake, boga hataliona tena kwa macho. "Nilipoona njegere ya kwanza, wifi, kijani, ndogo, inafanana na mwenzake, nikasema, hiki ndicho chakula cha watu."

Ningeweza kumcheka. Nilikuwa na neno tayari kabisa, tamu. Nikalimeza, nikaenda kumkatia boga.

Jumatatu ratiba ikabanduliwa. Ukuta ukabaki na mraba mweupe kama mtu aliyevua saa mkononi. Wanawake wa bondeni wakaleta maboga kwa toroli, mwendo wa dakika kumi na tano, moshi uliotoka ulikuwa wa sigara ya msukuma toroli peke yake. Majani yakaja kwa matita. Na majani, tofauti na njegere za mfuko, yanataka mikono. Unalishika jani la boga, unavunja kikonyo, unavuta nyuzi zote mpaka chini, moja moja. Kwa watu mia na ishirini, vidole vinalia. Nikaenda kusaidia. Nikaketi kando ya wifi, nikatupia jicho beseni lake.

Anaacha nyuzi. Mama Barafu, mpishi wa miaka ishirini na sita, anachambua kama aliyeanza kazi leo. Zimening'inia kwenye majani kama ndevu za mbuzi.

Neno lake nililiweka akiba.

Siku ya kwanza ilikuwa mbaya. Kuna dereva wa foklifti pale, ile mashine ya kunyanyulia mizigo; ni jitu kubwa, ndiye mdomo wa foleni. Akafunua sufuria. "Mama Barafu! Boga? Nyumbani nimelikimbia boga, nalo limepata kazi hapa hapa!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Wifi akakamata mwiko kwa mikono miwili, nikajua amesikia mabenchi yanagongwa.

"Chukua," akamwambia, "au nenda kaombe mboga kwenye magodoro."

Sahani zilirudi nusu. Jumanne nusu. Mlango wa nyuma pale huwa anakuja mfuga bata kuchukua makombo, na siku hizo mbili aliondoka na ndoo zimefurika, anapiga mluzi. Wifi akizisikia zile ndoo zinavyolia kwa uzito anafumba macho. Jumatano akakumbuka karanga. Mama yake alikuwa anaponda karanga mbichi, anaziweka mwishoni, moto umepungua. Akaponda mwenyewe, hakumruhusu msaidizi kugusa mchi. Alhamisi yule wa foklifti alirudi foleni mara ya pili, kavaa kofia ya mwenzake asijulikane. Mtu mwenye mwili kama ule kofia haimfichi. Wifi alimpakulia akajifanya hakumwona.

Mahindi mabichi yakafuata, akayachoma kwanza ndipo akayapukuchua. Papai likawa linakatwa saa ile ile linapoliwa. Mimi kazi yangu majani, na baada ya wifi kuchambua, nachambua tena kwa siri.

Ikafika siku ya wenye kiwanda.

Nilifika asubuhi nikamkuta wifi hana funguo shingoni. Funguo ziko kwenye kufuli la friza, kifuniko kiko wazi, na mezani kuna mifuko sita ya njegere inatoka jasho.

"Hizi za nini?"

"Za wageni."

"Wifi."

"Wifi, watu wenye magari! Utampa boga mtu aliyeshuka kwenye gari kama lile? Wafanyakazi sawa, wamezoea. Mgeni lazima apate kitu kilichotoka mbali, ndiyo heshima. Nitawawekea meza yao pembeni."

Nilijua siyo ubishi. Ilikuwa ni aibu ile ya darasani, imevaa aproni. Na aibu huishindi kwa maneno. Nikaikusanya mifuko yote sita, nikairudisha kwenye friza, nikafunga kifuniko, nikaketi juu yake.

Nina mwili. Mungu hakuninyima.

"Ondoka hapo."

"Miguu inauma."

"Wifi, ondoka! Nina dakika arobaini!"

"Basi usizipoteze kuongea na mimi. Karanga zinashika chini."

Alinitazama kama ananipima kwa kisu. Halafu akasikia harufu ya karanga kweli, akakimbilia mwiko. Sikuondoka juu ya friza mpaka wageni walipopakuliwa. Baridi ilinipanda mpaka mgongoni, na mpaka leo nikikaa vibaya naisikia.

Walikuja watatu, viatu vinang'aa. Mmoja alilisukumasukuma jani kwa uma kama anayetafuta mtu chini yake. Wa pili alikula. Wa tatu, mzee mwenye mvi, alikula akamaliza, lakini akaweka kijiko akasema, "Chakula kizuri. Lakini meneja, leo sisi tupo. Watu watamaliza sahani kwa kutuogopa. Siku nyingine tutajuaje?"

Meneja akafungua daftari lake. Wifi akawa anafuta mikono kwenye aproni, anaifuta, imeshakauka, bado anaifuta.

Ndipo mlango wa nyuma ukapigwa teke. Mfuga bata, na ndoo zake mbili zinagongana. Yeye hajui mwenye kiwanda ni nani na mfagiaji ni nani.

"Mama Barafu! Mnataka kuniulia bata? Wiki ya pili hii narudi na ndoo tupu! Mnapika nini siku hizi ambacho watu hawabakizi? Enzi za njegere nilikuwa naondoka na ndoo tatu, nasindikizwa!"

Meneja akalifunga daftari.

"Siku za njegere," yule mzee mwenye mvi akauliza taratibu, "zilikuwa zinaliwa na bata?"

"Mzee wangu, bata wangu wote wamelelewa na njegere. Wanene! Sasa hivi niwape nini, maganda ya boga?"

Yule mzee akaanza kucheka kidogo kidogo, halafu akacheka mpaka akatoa leso. "Kwa hiyo," akawaambia wenzake, "tumekuwa tukiwaletea bata wa mtu njegere kwa ndege." Akamgeukia wifi. "Mama, jiko lako libaki. Na huyu bwana mtafutieni pumba."

Wifi alisema ahsante, akaingia stoo, akafunga mlango. Alitoka baada ya dakika tano, macho mekundu, akasema ni vitunguu. Siku hiyo vitunguu havikupikwa.

Friza moja ikazimwa. Tuliifukua pamoja. Yule samaki tulimzika, hatukumtupa. Sasa imewekewa mto wa sponji juu, ndiyo benchi langu. Ya pili bado inanguruma, ya nyama, na wifi anaifuta kama zamani. Huwezi kumwachisha mtu kila kitu kwa siku moja. Bwana Kreti naye sikumpa nafasi ya kupumua: anabeba maboga ya bondeni siku hizi, na kila nikimwona namuuliza kama hayo yameshabatizwa.

Kila Jumamosi wifi anakuja kwangu. Kwangu, siyo kwa kaka yake. Anauliza wiki ijayo kuna nini, namtajia, tunachambua ya nyumbani. Jumamosi iliyopita nikaona wakati umefika. Nikalitoa akiba.

"Wifi," nikamwambia, taratibu, natafuna kila neno, "unaacha nyuzi. Wewe hujui hata kuchambua mboga."

Bandani nyundo ikaanza.

Hakuinua hata kichwa. "Najua," akasema. "Sijawahi kujua. Siku ya harusi yako nilikuona unaacha nyuzi kama mimi, nikawahi kusema kabla mtu hajanisema mimi."

Nikabaki na jani mkononi.

Kumbe mimi niliacha nyuzi? Nilikuwa na miaka kumi na tisa, watu wananitazama. Inawezekana niliacha moja. Mbili hazifiki.

Sijamsamehe, watu wasije wakasema nimemsamehe. Lakini nilisogeza beseni langu karibu na lake, nikamwonyesha mahali pa kuanzia kuvunja, ili uzi uje wote kwa pamoja. Akajaribu. Ukakatika. Akajaribu tena.

"Nyanya bado?" akauliza.

"Zinaanza maua. Vuta uzi, wifi."